Mwana wa Nani

"Hatuna haja ya kumhukumu mtu," alisema Tamsin Roark. "Tunataka kujua tu."

Nieves Macaraeg alimtazama mkurugenzi huyo juu ya miwani. Alikuwa amefanya upelelezi miaka mingi katika ofisi ya mawakili wa umma hapo San Jose kabla ya kuanza kujitegemea, na kila aliyefungua mazungumzo kwa maneno hayo alikuwa ameshahukumu, ameshanawa mikono na anatafuta taulo.

"Mmeshamsimamisha kazi?"

"Si sisi. Kampuni yake."

"Nani aliwaambia kampuni?"

Tamsin alikunja midomo. "Mimi."

"Haya. Endelea."

Walikuwa katika chumba cha mikutano cha Muungano wa Mlango wa Pili. Makampuni ya kompyuta ya bonde la San Jose ndiyo yaliyouunda, ili kuwabana wabunge wa California juu ya mambo mawili: wageni wanaochapa kazi waruhusiwe kukaa, na waliomaliza vifungo vyao wasiendelee kuandamwa na makosa ya zamani mpaka kaburini. Kesho yake asubuhi Muungano ulikuwa unatoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge kule Sacramento, na msemaji wao mkuu alikuwa Humayun Wardak, Mwafghani, mwandishi wa programu, kijana mwenye sura ya kupendeza kwenye mabango.

Kila msemaji hupitishwa kwanza kwenye programu ya Muungano wenyewe, ile waliyoitengeneza kutafuta hukumu za zamani zinazoweza kufutwa. Jana walimpitisha Humayun. Programu ikamtoa mwizi.

Aliyeitengeneza, Vikrant Bhalerao, aligeuza kompyuta yake ili Nieves aone. "Kuvunja gereji na kuiba magurudumu. Sacramento, kiangazi cha mwaka elfu mbili kumi na sita. Alikiri kosa, akakaa jela kiangazi kile, halafu kifungo cha nje."

"Umejuaje ni yeye?"

"Jina la kwanza. Jina la mwisho. Siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Vyote vinalingana. Programu ina uhakika wa asilimia tisini na tisa."

"Na hiyo moja iliyobaki?"

"Hiyo ni adabu tu," alisema Vikrant, na hakuwa anatania.

"Kiangazi hicho Humayun alikuwa wapi?"

"Mwanafunzi," alidakia Tamsin. "Chuo chake kiko karibu kabisa na Sacramento. Na ilikuwa likizo."

Nieves aliguna. Hilo halikuwa zuri. "Alama za vidole?"

"Majibu ya serikali huchukua wiki kadhaa. Kampuni inataka jibu leo saa kumi na moja jioni, kabla ya kamati. Nikiwaambia ni yeye, wanamfukuza leo leo, kwa sababu kwenye fomu ya ajira alijaza kwamba hajawahi kushtakiwa." Tamsin alishusha sauti. "Viza yake ni ya kazi, Nieves. Kazi ikikatika, na viza imekatika."

"Na kwao ni Kabul."

"Ndiyo."

"Ambako, faili lenu linasema, waliomuua kaka yake bado wapo."

Nieves alikusanya mkoba wake, akainuka. Angeweza kusema neno juu ya Muungano unaozunguka nchi nzima ukihubiri kwamba mtu asifukuzwe kwa kosa la zamani, halafu unamchongea mtu wake kwa kosa ambalo halijathibitishwa. Lakini saa zilikuwa zinakwenda, na kumpa somo mteja hakuongezi ushahidi.

Humayun hakuruhusiwa tena kuingia jengoni. Alikuwa anamsubiri kwenye uwanja wa maegesho, ndani ya gari lake dogo la kijivu, ndevu hazijanyolewa, macho mekundu. Alipomwona alitoka haraka na kuweka mkono kifuani kwa heshima.

"Mama, naapa kwa Mungu, sijawahi kugusa gurudumu la mtu."

"Usiape. Nijibu. Kiangazi kile ulikuwa wapi?"

"Sacramento. Nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa."

"Nani atakushuhudia?"

"Mwenye mgahawa."

"Nipe namba yake."

"Alifariki."

Nieves alivuta pumzi ndefu. Mambo yalizidi kuharibika. "Na siku hizi unakwenda Sacramento?"

"Hapana."

Alijibu upesi mno. Nieves aliinama, akachungulia kiti cha nyuma. Palikuwa na shati lililopigwa pasi, limetundikwa, na sanduku la lozi za sukari lililofungwa utepe wa kijani. Jina la duka lilikuwa limechapwa kwenye kifuniko pamoja na anwani: Barabara ya Watt, Sacramento.

"Hizi lozi zimekuja kwa miguu?"

Humayun alibadilika rangi.

"Kijana, nisikilize vizuri. Umenidanganya jambo moja dogo. Sasa kila ulichosema kabla yake hakina thamani. Unakwenda kwa nani Sacramento?"

"Siwezi kusema."

"Basi nitapanda juu niwaambie hivyo hivyo."

"Mama, tafadhali!" Alitazama huku na huku kana kwamba jumuiya nzima ya Waafghani wa Fremont imejibanza nyuma ya magari. Kisha akanong'ona, "Nimeposa. Kila Jumamosi nakwenda kwa wazazi wake. Hawajanijibu. Kwetu, mpaka wazee wa msichana wakubali, hutamki jina lake mbele za watu. Wakikataa na watu wameshajua, umemwaibisha. Na wakisikia neno wizi..." Hakumaliza. Alifuta uso kwa kiganja.

Nieves alimpa kitambaa cha karatasi. Alishaona wezi wengi wakilia, na walilia vizuri kuliko huyu. Lakini machozi hayakubaliki saa kumi na moja.

"Nipe anwani. Nitauliza ulikuwa mtu wa namna gani kiangazi kile, basi. Neno wizi halitatoka kinywani mwangu."

"Mama yake ni mkali."

"Na mimi vilevile," alisema Nieves.

Barabara ilikuwa nyeupe, akafika Sacramento kabla ya adhuhuri. Mama wa msichana, Zarmina, alikuwa mwanamke mnene mwenye nyusi za wino na mtandio wa zambarau. Hata kabla hajauliza mgeni ni nani alishamketisha, akamjazia chai ya hiliki, akamsogezea sahani ya forosadi kavu. Nieves alipotaja kwamba ni mpelelezi, yule mama alikunja mikono mapajani kama anayekutana na mtu wa fani moja.

"Unamchunguza nani?"

"Humayun Wardak. Ni mambo ya kazini kwake."

"Humayun yupi?"

"Wardak," Nieves alirudia.

"Nimesikia. Mwana wa nani?"

Nieves alipekua daftari lake; jina la baba halikuwamo.

"Ya Rabi!" Zarmina alipiga magoti yake. "Dada yangu, unamchunguza mtu na babake humjui? Na hapo wewe ndiye mtaalamu?"

"Kwani wako wangapi?"

"Hapa Sacramento? Ninaowajua mimi, wawili. Wardak ni jimbo. Mtu anashuka uwanja wa ndege, anaulizwa jina la ukoo, hana, anataja kwao. Unadhani wangapi wametaja kwao?" Alimmiminia chai nyingine bila kuuliza. "Wewe unamtaka wa kompyuta. Basi uliza, mimi nimeshammaliza. Alipokuja kuposa hapa nilituma watu. Shemeji yangu Fremont. Binamu wa mume wangu Peshawar. Dada yangu Hamburg, huyo ndiye hatari, huyo angepata kazi kwenu. Tumeuliza alikosoma, alikopanga, kama anavuta sigara, kama anamfokea mhudumu mgahawani."

"Mkapata nini?"

Zarmina alisita kidogo, akateremsha sauti. "Jibu la kwanza lilikuja baya. Likaja kwamba Humayun Wardak alifungwa kwa wizi wa magurudumu."

Kikombe cha Nieves kilisimama nusu ya njia.

"Nililia, dada yangu! Nilishampenda. Jumamosi ile alikuja na lozi zake, nikamwacha amesimama mlangoni na sikufungua. Mvua inanyesha. Halafu dada yangu wa Hamburg akapiga simu, akaniuliza swali moja tu: huyo mwizi ni mwana wa nani? Nikatuma tena watu. Mwizi ni mwana wa Sher Agha. Na huyu wangu ni mwana wa Daud. Nilijipiga kofi kwa mkono wangu mwenyewe."

Nieves aliweka kikombe mezani polepole. Kulikuwa bado na ukuta mmoja.

"Mama Zarmina, jina nimeelewa. Lakini hao watu wana tarehe moja ya kuzaliwa. Siku, mwezi na mwaka."

"Tarehe gani?"

"Mosi Januari."

Zarmina alicheka mpaka mtandio ukamteleza mabegani. Alicheka huku akipunga mkono kuomba radhi, akashindwa kujizuia, akacheka tena.

"Mimi ni mosi Januari! Mume wangu mosi Januari. Kaka zangu wote wawili, wamepishana miaka minne, mosi Januari. Kwetu nani aliandika siku? Mama anakumbuka theluji, anakumbuka mavuno, basi. Ukifika kwa afisa wa pasipoti unamwambia mwaka, na huo mwaka wenyewe ni wa kukisia. Siku na mwezi anajaza yeye, na hana muda na wewe. Huyu Humayun wangu nyanya yake anasema alizaliwa milozi imechanua. Je, milozi huchanua Januari?"

"Haichanui," alisema Nieves, na sasa alikuwa anacheka naye.

Alisimama, akaomba aonyeshwe kwa mwana wa Sher Agha. Zarmina alimwelekeza mpaka mlango wenyewe: duka la matairi, Rancho Cordova, karibu na kituo cha mafuta. "Mwambie nimekutuma mimi. Na mwambie mama yake sufuria yangu ya pilau naitaka kabla ya Idi."

Humayun wa matairi alikuwa mrefu, mweusi wa jua, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko. Aliposikia jina la Muungano wa Mlango wa Pili alitupa spana kwenye meza kwa kishindo.

"Hao! Hao wasinitajie."

"Wamekufanya nini?"

"Wewe ni nani kwanza?"

"Nimetumwa na Mama Zarmina."

Uso wake ulilainika papo hapo, akaenda kunawa. Aliporudi alivuta ndoo mbili, wakakaa. Nieves hakumzungusha. Alimuuliza kama ni kweli alifungwa.

"Kweli. Nilikuwa mjinga wa miaka ishirini na kitu. Nilivunja gereji, nikaiba magurudumu manne, nikakamatwa nayakokota barabarani, kwa sababu sikuwa na gari la kuyabebea." Alitikisa kichwa. "Nilikiri, nikafungwa, nikamaliza kifungo cha nje bila kukosea siku. Sijaficha. Kila mtu hapa anajua."

"Sasa ugomvi wako na Muungano ni nini?"

"Nilisikia wana programu ya kufuta rekodi. Nikajaza jina, nikajaza tarehe, nikajaza namba yangu ya uhamiaji kama walivyotaka. Majibu yakaja: hongera, hakuna rekodi yoyote ya kufuta. Nikafurahi! Nikadhani serikali imenisamehe yenyewe. Nikaomba kazi ya kuendesha basi la shule. Nina watoto watatu, kazi ile ina bima. Swali la fomu linasema, una rekodi? Nikajaza hapana, maana hao wasomi wameniambia sina. Wakachukua alama za vidole." Alifungua viganja vyake. "Wakanitoa pale kama mwongo. Wizi walikuwa tayari kuusikiliza, mama. Uongo ndio ulioniua."

Nieves alianza kupanga. Kesi ilikuwa moja na Humayun wawili. Programu ilipowakuta wana jina moja na tarehe moja, iliwafanya mtu mmoja, kisha ikampa wa kompyuta kesi, na namba ya wa matairi ikaachwa tupu. Kosa moja lilimtoa kazini asiye na hatia, na lilimzibia mlango mwenye hatia aliyekuwa anatafuta kusafishwa kwa njia halali. Moto wa hasira ulimpanda, lakini ulipanda pamoja na furaha, maana sasa aliona njia nzima mpaka mwisho.

"Sherifu wa hapa ana picha yako na alama zako tangu siku ile?"

"Anazo. Nimetoka vibaya sana."

"Ungekubali tupite pale, waandike kwamba mwenye kesi ile ni wewe, kisha uje nami San Jose leo?"

Yule bwana alimtazama kwa macho membamba. "Kuna nini?"

"Kuna Humayun Wardak mwingine. Anabebeshwa magurudumu yako. Saa kumi na moja wanamfukuza kazi, na akifukuzwa anarudishwa Kabul."

Hakuuliza swali la pili. Aliteremsha mlango wa chuma wa duka, akapiga kufuli, akaingia kwenye gari la Nieves na grisi yake.

Kwa sherifu mambo yalikwenda haraka kuliko Nieves alivyotarajia. Karani alileta picha, akaitazama, akamtazama mtu, akalinganisha alama, akagonga muhuri bila hata kuacha kutafuna. Walipoingia kwenye chumba cha mikutano San Jose, jua lilikuwa limeinama na Tamsin alikuwa ameshika simu mkononi tayari.

"Usipige," alisema Nieves. "Mwiteni Humayun wenu kutoka uwanjani. Vikrant, wewe fungua hiyo kompyuta."

Humayun wa kompyuta alipandishwa juu. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeitwa kusomewa hukumu. Nieves alimwelekeza mgeni.

"Humayun Wardak mwana wa Daud, mkaribishe Humayun Wardak mwana wa Sher Agha."

Vikrant alitazama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. "Haiwezekani. Tarehe—"

"Wewe umezaliwa lini?"

"Mimi? Tarehe tisa Novemba, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, Pune. Mnajimu aliandika, ndivyo tunavyofanya." Alikuwa ameshaanza kuelewa, sauti ilimpungua.

"Na hujawahi kukutana na mtu asiyeijua siku yake."

"Sijawahi."

"Tafuta humo ndani ni wangapi wamezaliwa mosi Januari."

Vikrant aliandika, akabonyeza. Orodha ilianza kushuka. Waafghani, Wasomali, Wasudani, Wahmong, ikashuka na kushuka, na mwenye kuitazama akazidi kuwa mdogo kwenye kiti chake. Aliziba uso kwa mikono. "Mungu wangu. Nimewachanganya wangapi?"

"Hilo ndilo utakalolifanyia kazi," alisema Nieves, lakini kwa upole. Vikrant hakuwa mtu mbaya. Mama yake alimzaa mbele ya mtu mwenye saa, basi.

Tamsin alisoma karatasi yenye muhuri mara mbili. Kisha akapiga simu kwenye kampuni, mbele yao wote. Hakujizungusha. Alisema lilikuwa kosa la Muungano na la kwake yeye, kwamba mtu wao hana hatia yoyote, na kwamba anataka arudishwe kazini sasa hivi, wakati yeye bado yuko kwenye simu. Alisikiliza. Alisema, "Asante." Akaitua simu.

"Umerudi kazini," alimwambia Humayun. "Hawajakukata hata siku moja ya kazi. Viza yako haijaguswa."

Humayun wa kompyuta alitafuta kiti, akakikosa, akakaa chini kwenye zulia. Alishusha pumzi moja ndefu, kisha ikamjia kicheko kilichochanganyika na kilio, na alipojaribu kusema alitamka neno moja la kwao, mara tatu. Humayun wa matairi alichuchumaa, akampigapiga mgongoni akaacha alama ya vidole vitano vya grisi kwenye shati.

"Nisamehe, ndugu yangu," alimwambia. "Yalikuwa magurudumu manne tu. Sikujua yangefika mbali hivi."

Hata Tamsin alicheka. Nieves alivua miwani, akaipangusa, maana ilikuwa imeingia ukungu na hakutaka mtu aone.

Tamsin ndiye aliyekumbuka kwanza. Alimwendea yule mrefu, na safari hii hakusema kwamba hawana haja ya kumhukumu mtu. "Bwana Wardak, tulikuambia huna rekodi. Tulikukosea. Kesi ile ni yako, na kuanzia leo itaonekana kwa jina lako. Sijui nikuombe radhi vipi."

Yule bwana alisimama wima, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Kwa hiyo kesi yangu imerudi kwangu? Hakuna mwingine anayeibeba?"

"Hakuna. Imerudi kwako."

"Alhamdulillahi," alisema, akavuta kiti na kukaa mbele ya kompyuta ya Vikrant. "Sasa ifuteni."